Kikombe cha Dirishani

2 Aprili

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu, na mtu akizisoma atajua nani mtaani amenenepa tangu mwaka jana, ila mimi ni fundi cherehani, siri za watu nazifungia kwenye pindo. Kuanzia leo kurasa za nyuma ni za Bosi. Mkunga alituagiza tuandike mtoto amenyonya saa ngapi na amelowanisha nepi ngapi. Hiyo ni kabla darasa la akina mama halijafungwa kwa ajili ya korona. Tulihudhuria mara mbili. Mara ya tatu tukakuta kamba mlangoni na ndoo ya maji, basi tukanawa tukarudi.

Nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu mkuu alikuwa akiwaonyesha wageni. Na nikianza kuandika siishii kwenye nepi.

Bosi ana wiki tatu. Jina la kwenye cheti analo, ila humu ndani hakuna anayelitumia, maana tangu alipofika yeye anatoa amri na sisi tunakimbia. Alizaliwa na kilo tatu na nusu. Yale maziwa ya mwanzo, ya njano, mama mkwe alitaka niyamwage, anasema ni machafu. Nikakataa, nikampa mtoto yote, na mkunga akanisifu mbele ya wanawake kumi na sita. Sijisifu, lakini maziwa ninayo. Akilia mtoto wa jirani, blauzi yangu imeshalowa.

Humu ndani tupo mama mkwe, mimi, wifi yangu na watoto wawili. Mume wangu ni mlinzi wa kiwanda, na kiwanda kimewafungia walinzi wote ndani wasitoke wasije wakaleta ugonjwa. Wifi ni dada yake. Wa kwake ni dereva wa lori, amekwama mpakani. Mtoto wao ana miezi mitatu, tunamwita Mzee, kwa sababu amekunjamana ngozi na uso wake ni wa mtu aliyestaafu.

Mvua imeanza leo mchana. Nepi hazikauki.

5 Aprili

Mvua. Amenyonya mara kumi na moja. Kumi na moja!

8 Aprili

Nimeshona barakoa arobaini. Wifi anakata, mimi nashona, watoto wamelala kwenye kapu la vitambaa kichwa na miguu. Simu yangu imeingia kwenye beseni la nepi na imekufa, kwa hiyo mkunga akitaka kutuulizia hali anapiga kwa wifi.

Huyu wifi jamani, Mungu alinipa. Ndiye aliyenichagua mimi kabla kaka yake hajajua kuna mtu wa kuchaguliwa. Nilipokuwa na uchungu alinisugua mgongo toka asubuhi hadi mchana, huku akinichekesha nisahau.

Leo alikuwa ananitazama nikimnyonyesha Bosi, maziwa yanamwagika mpaka shavuni. Akasema, "Wifi, wewe ni bomba kuu. Mimi ni lile la uani, ukifungua linakohoa hewa tu."

"Mweke mtoto mara kwa mara, yatakuja."

"Nikimweka anageuza uso kama nimempaka pilipili."

"Basi ana akili. Kashajua tabia yako."

Tulicheka mpaka mama mkwe akauliza nani kafa. Ila nilimwona wifi akimfuta Mzee mdomo, na hakuwa anacheka tena.

11 Aprili

Kichwa. Mwili wote kama nimepigwa. Nimeenda kliniki nikasimama kwenye foleni ya mita mita, wakaniingiza kijiti puani. Watapiga simu.

12 Aprili

Wamepiga. Ninayo.

Nitaandika yote, maana mkono ndio kitu pekee kisichoniuma.

Mkunga alipiga kwa wifi. Wifi akatoka nayo barazani, anasema ndani mtandao unakatika kwa mvua. Nilimwona kupitia dirishani, anatikisa kichwa, anasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Alipomaliza akabaki amesimama amenipa mgongo, muda wa kumenya kitunguu. Kisha akaja akasimama mlangoni, kitambaa mdomoni, machozi yanamtoka.

"Wifi, mkunga kasema umtoe mtoto."

"Nimtoe nimpeleke wapi?"

"Akae na mama. Wewe ukae chumba hiki siku kumi na nne. Usimnyonyeshe. Kasema ukamue maziwa kwenye kikombe safi, mimi nitakuwa nayachukua dirishani, tunampa kwa kijiko."

Nikasema naomba niongee naye mwenyewe. Akasema simu ikiingia humu haitoki, na ndiyo simu pekee nyumbani. Nikaona kweli. Kwenye redio si tunaambiwa tusiguseguse vitu?

Nilimnyonyesha mara ya mwisho. Nilivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Bosi alikuwa ananitazama machoni, anatafuta mdomo wangu umekwenda wapi. Alipolala mama mkwe akampokea na taulo.

"Usilie mwanangu, siku kumi na nne ni kitu gani?"

Ni karibu nusu ya umri wake, mama. Lakini sikusema.

13 Aprili

Kukamua ni kazi ya mkono kama kukanda unga. Asubuhi nimejaza kikombe cha bati mpaka kwenye ua la bluu. Nimekifunika na sahani, nimeweka dirishani, nimegonga mara mbili, nimerudi kitandani. Mkono wa wifi ukaja ukakichukua. Baada ya muda akarudi na kikombe kimeoshwa, anasema kupitia kioo, "Kamaliza yote, na kacheua."

Nimelala nikitabasamu.

14 Aprili

Vikombe sita. Nina homa, lakini vikombe sita. Waulizeni ng'ombe.

15 Aprili

Kikohozi. Vikombe vitano.

17 Aprili

Nimemsikia Bosi analia toka adhuhuri. Ukuta wa mbao huu unapitisha kila kitu. Kila akilia maziwa yanatoka yenyewe, nakinga kikombe haraka yasipotee. Nikagonga dirisha. "Wifi, mpe, mwanangu ana njaa!"

"Katoka kula sasa hivi. Ni tumbo tu linamsokota."

Amelia mpaka alasiri.

18 Aprili

Nimeacha kusikia harufu. Nimenusa sabuni, mafuta ya taa, kwapa langu mwenyewe. Hakuna. Nimenusa kofia ya Bosi iliyobaki chini ya mto. Hakuna.

20 Aprili

Leo nimefurahi. Wifi alimpandisha Mzee dirishani nimwone. Jamani, mtoto kabadilika! Mashavu yamejaa, mikono imeanza kupata mikunjo ile ya bangili. Nikamwambia kupitia kioo, "Mzee umerudi kazini!" Wifi akacheka, kisha akamshusha upesi.

"Na Bosi nimwone."

"Kalala, wifi. Kesho."

Mume wangu kapiga, wifi kaweka spika karibu na dirisha. Nikamwambia mwanao anakula maziwa ya mama yake hata mama akiwa gerezani. Akasema, "Wewe ni jembe." Nikasema najua.

21 Aprili

"Kesho" haijafika. Bosi kalala tena.

22 Aprili

Homa imekwisha. Vikombe saba. Nimemwambia wifi aulize kwa mkunga kama naweza kutoka mapema. Amerudi na jibu kabla sijafunika kikombe: hapana.

24 Aprili

Sijui nianzie wapi. 

Asubuhi mvua ilikatika kidogo, nikasikia hodi, na sauti ya mkunga mwenyewe. Anapita nyumba za wagonjwa, kavaa koti la plastiki na buti, mzani wa kuning'iniza begani. Wifi alikuwa amekwenda dukani. Mkunga akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Mama mwenye maziwa! Unaendeleaje? Mtoto yuko wapi?"

"Kwa bibi yake, dada, kama ulivyosema."

"Nilisema lini?"

Nikadhani ananitania.

"Siku ile ulipopiga. Ukasema nimtoe, nikamue."

Akaishusha miwani iliyokuwa na ukungu, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi nilisema uvae barakoa, unawe mikono, unyonyeshe kama kawaida. Nilisema usimtoe. Nilirudia mara tatu, kwa sababu najua watu wanaogopa. Maziwa ya mama anayeugua yanamkinga mtoto. Nilimwambia wifi yako neno kwa neno, na nimekuwa nikipiga kila siku ya tatu. Kaniambia unanyonyesha vizuri sana."

Nilishika nondo za dirisha. Nikasema labda hakusikia, mtandao ulikuwa unakatika. Ndivyo nilivyosema, nilimtetea.

Mkunga akaniambia nivae barakoa, nitoke, tumpime mtoto. Mama mkwe akamleta Bosi. Mkunga akaning'iniza mzani kwenye boriti ya barazani, akamweka mtoto kwenye kitambaa. Tulisubiri ule mshale utulie. Kilo tatu na robo. Mwanangu aliyezaliwa na tatu na nusu, leo ana wiki sita, yuko chini ya alipozaliwa.

"Anakula nini?" mkunga akauliza.

"Maziwa ya kopo," mama mkwe akasema. "Nayachanganya mepesi yasimzidi nguvu. Kwenye chupa."

"Na yale ninayokamua?" nikasema. "Mama, vikombe sita kwa siku, yale ninayokamua?"

Mama mkwe akanitazama kama nimeuliza habari za mtu asiyemjua. "Si tuliambiwa ni ya kumwaga? Ukamue usivimbe, kisha yamwagwe, yana ugonjwa. Wifi yako ndiye anayeyamwaga."

Hapo wifi akaingia uani na mfuko wa sukari, Mzee mgongoni. Mkunga hakujua lolote, maskini. Alimwona Mzee akapiga makofi. "Huyu ndiye yule wa mwezi uliopita? Mlete!" Akampima. Kaongeza kilo moja na zaidi. "Mama, umefanyaje? Mara ya mwisho hukuwa na maziwa hata ya kujaza kijiko, mtoto ngozi na mifupa. Umepata wapi maziwa haya?"

 Maji yalikuwa yanadondoka kutoka paani, kwenye ndoo, moja moja. Wifi aliangalia mfuko wa sukari. Mimi niliangalia mapaja ya Mzee, yale mapaja mazuri, nikayatambua. Nilikuwa nayajua. Nimeyatengeneza mimi, kikombe kwa kikombe, na nimeyashangilia dirishani.

25 Aprili

Amekuja chumbani kwangu asubuhi, kapiga magoti mlangoni. Nimemwachia apige.

"Wifi, alikuwa anakufa."

"Nani?"

"Mzee. Wewe unamwita hivyo unacheka, mimi nilikuwa namwona kila siku anarudi nyuma. Mume wangu hapokei simu, kopo moja la maziwa tunalo la kuhesabu vijiko. Siku ile mkunga ananiambia maziwa yako yana kinga, nikamtazama wangu, nikasema... Sikupanga. Mdomo ulisema wenyewe."

"Mdomo wako umesema wenyewe siku kumi na mbili?"

Akajifuta uso kwa kiganja.

"Ungeniomba," nikamwambia. "Mimi namwaga maziwa kwenye blauzi, ungenyoosha mkono tu. Ningekunyima?"

"Nilijua usingeninyima." Alikuwa analia mpaka maneno hayaeleweki. "Ungenipa, kisha ungesimulia. Unasimulia kila kitu, wifi. Mtaa mzima ungejua mwanangu anaishi kwa maziwa yako."

Hilo limeniingia pabaya, na nitaliandika kwa sababu limetoka. Inawezekana ni kweli. Inawezekana ningesimulia. Lakini kusimulia kwangu kusingempunguza mtu uzito.

Aliposogea kunishika miguu, nikasikia harufu. Ya kwanza tangu niugue. Kali, ya spiriti. Nikadhani pua yangu inarudi na wazimu.

"Umejipaka nini kifuani?"

"Sanitaiza. Kila nikitaka kumnyonyesha. Tangu ugonjwa uingie."

"Kwenye chuchu?"

"Redio si inasema safisha kila kinachogusa mdomo?"

Nilimtazama. Basi yule mtoto alikuwa anageuza uso kwa sababu mama yake ana ladha ya dawa ya sakafu. Hakumweka, maziwa yakaona hayatakiwi, yakakauka. Wanawake wawili katika nyumba moja, darasa lingefunguliwa siku moja zaidi lingetosha. Nilimwambia aache leo hii, anawe kwa maji tu, amweke mtoto kila anapoamka. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Kisha nikamwambia atoke.

26 Aprili

Mkunga kasema nimrudishe Bosi kwenye ziwa mara moja, chupa itupwe. Nimemweka. Ameshika, amevuta mara mbili, akaona hayatiririki kama ya chupa, akaachia akapiga kelele. Nimejaribu mara nane.

Amekataa.

27 Aprili

Amekataa. Nampa kwa kijiko. Akiniona nafungua vifungo analia kabla sijamfikisha.

28 Aprili

Amekataa.

29 Aprili

Mama mkwe kakaa kitandani kwangu, kashika mikono yake mwenyewe. "Mwanangu, nilikuwa nalea kwa ujinga wangu. Nisamehe. Na huyu mwenzio, yaishe. Ni damu moja."

"Mama, wewe nimekusamehe toka juzi. Hukunidanganya, ulidanganywa."

"Na yeye?"

"Mama, nepi zinalowa kambani."

Mume wangu kapiga. Wifi kaniletea simu kaiweka kizingitini, akarudi nyuma hatua tatu, kama mimi bado mgonjwa. Nimemweleza mume wangu yote. Nikawa nasikia mashine za kiwanda. Akasema, "Sasa mimi nimseme dada yangu nikiwa huku ndani ya geti?" Nikamwambia asiseme kitu. Aliyeibiwa ni mimi na Bosi.

1 Mei

Amekataa, lakini leo amelamba.

Mvua toka alfajiri. Mzee naye alikuwa analia upande wa pili, kilio chembamba, kile cha zamani. Maziwa ya wifi yameanza kurudi lakini ni matone. Nilikaa nikisikiliza. Kikombe changu kilikuwa kimejaa na Bosi ameshiba kwa kijiko. Nikajiambia mwache alie, na mwanangu alilia toka adhuhuri mpaka alasiri. Nikajiambia hivyo kama mara tatu, na kila mara blauzi inalowa.

Nikaenda. Wifi akanyoosha mikono apokee kikombe.

"Hapana. Kaa. Mshike kichwa."

Nilimlisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, mpaka mwisho. Mtoto hana kosa, alinitazama kwa macho makubwa anatafuna hewa. Wifi akasema asante, mara mbili.  Nilikiosha kikombe mwenyewe, nikarudi nacho.

2 Mei

Vikombe viwili kwa Mzee, nimepeleka mwenyewe. Bosi amekataa.

4 Mei

Kilo tatu na nusu. Tumerudi pale tulipoanzia siku ya kuzaliwa. Mkunga anasema nisimlazimishe, nivue blauzi nilale naye ngozi kwa ngozi, nimwache atafute. "Huyu hajakusahau. Amekasirika." Nikasema basi ni mwanangu kweli.

5 Mei

Ngozi kwa ngozi mchana kutwa. Mama mkwe kapika, kafua, kanifungia pazia. Amelala kifuani kwangu. Amekataa, lakini amelala.

7 Mei

Leo mchana, mvua ya upepo, paa lote linapigwa. Nilikuwa nimelala chali, Bosi juu ya kifua, nusu macho nusu usingizi. Kichwa kikaanza kuyumba kushoto na kulia, mdomo wazi, kama alivyokuwa siku ya kwanza hospitali. Sikusogea. Hata pumzi niliishika. Akateleza, akafika, akafungua mdomo mpana, akashika.

Nilisubiri aachie. Hakuachia. Nikasikia anameza. Anavuta, anameza, anapumzika, mkono wake umekamata kidole changu. Nilihesabu mpaka mia mbili, nikapoteza hesabu kwa kulia. Maziwa yalimjaa mdomo yakamtoka pembeni, akakohoa, akarudi mwenyewe. Mwenyewe!

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka mtu. Mume wangu yuko ndani ya geti, mama mkwe yuko kliniki kwenye foleni. Nikainua kichwa, na mlangoni alikuwepo wifi, Mzee begani, mkono mdomoni.

"Ameshika?" akanong'ona. "Wifi, ameshika?"

Alikuwa analia na anacheka, na ilikuwa furaha kabisa, haikuwa ya kuigiza, mimi namjua. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye ningetaka kumwambia, tazama, tazama anavyovuta, na yeye angesema neno moja la kipuuzi tukacheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

Nikamwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Akatazama ndani, akatazama nje. Hakuuliza abaki upande gani. Akatoka, akaufunga polepole, ili usimshtue mtoto.

Amenyonya dakika ishirini.